Wastani wa umri

Ukisoma kwamba zamani wastani wa umri ulikuwa miaka 18, usidhani kijana wa miaka 20 aliitwa mzee. Wastani hujumlisha miaka ya wote, kichanga na ajuza, kisha huigawa sawasawa.

Mwaka 1662 John Graunt wa London alitumia orodha za vifo ambazo hazikutaja umri kabisa. Alikadiria vifo vya watoto kwa kutazama maradhi: degedege, minyoo, matege. Akaona kati ya watoto 100, 36 hawakufika miaka 6. Ukipiga hesabu ya jedwali lake, wastani ni kama miaka 18. Hata hivyo 10 walifika 46, na mmoja 76. Magazeti yetu yanapotaja wastani, yataje na vifo vya watoto.