Katazo na mazoea katika kitenzi cha Kijapani: kwa msemaji wa Kiswahili wa Mwaya

Maumbo ya katazo na ya mazoea ni sehemu ya sarufi ya Kijapani ambayo msemaji wa Kiswahili hudhani ataivuka upesi, kwa kuwa lugha yake ina usi- ya kukataza na hu- ya mazoea. Makala hii inashikilia kwamba viambishi hivyo viwili ni mlango mwembamba mno wa kuingilia. Aliyekulia Mwaya, kata ya Wilaya ya Kyela kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, tayari ana kinywani njia mbili zinazokaribiana zaidi na Kijapani: kukataza kwa kutaja matokeo ya tendo, na kuonyesha mazoea mwishoni mwa kitenzi.

Tuanze na katazo. Umbo linalofanana na usi- lipo: kitenzi katika umbo lake la kamusi hufuatwa na na, hivyo taberu, "kula", huwa taberu na, "usile", na iku, "kwenda", huwa iku na, "usiende". Urahisi huu unadanganya. Usile ya Kiswahili mama humwambia mwana, rafiki humwambia rafiki, na ikipambwa kwa tafadhali mgeni huambiwa pia. Taberu na ni amri kavu ya mkubwa kwa mdogo, ya kocha kwa mchezaji, au kelele ya mtu anayeona hatari inakuja. Isitoshe, silabi moja ikidondoka maana hugeuka, kwani tabe na, kifupi cha tabenasai, ni kumhimiza mtu ale. Katazo la kawaida la Kijapani hupita kwingine. Kitenzi huwekwa katika umbo la te (taberu huwa tabete, nomu huwa nonde, suru huwa shite), kikafuatwa na wa, kisha neno la kuhukumu: tabete wa ikenai. Ikenai imetokana na kitenzi cha kwenda, kwa maana ya "haiwezi kwenda", kwa hiyo sentensi nzima inasema kuwa ukila, mambo hayaendi. Badala ya ikenai waweza kusikia naranai, yenye uzito wa sheria na wajibu, au dame, "haifai", ambayo katika mazungumzo hufupisha yote kuwa tabecha dame.

Hapo hakuna amri kwa mtu. Kuna tendo, na hukumu juu ya tendo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mwiko wa kupiga mluzi usiku. Wajapani wana usemi wa zamani, yoru kuchibue o fuku to hebi ga deru, yaani ukipiga mluzi usiku nyoka hutokea, na wazee wengi wa Tanzania wamewaonya watoto kwa maneno yaleyale, bila kutamka "usipige" hata mara moja. Mtoto huelewa kwamba amekatazwa kwa sababu ameonyeshwa kitakachomfika. Mwanafunzi akianzia kwenye "ukifanya hivi, haifai", muundo wa te wa ikenai humjia bila kukariri. Akianzia kwenye usi-, atashika na, na atamkosea adabu kila atakayezungumza naye.

Huenda mtu akasema kwamba hukumu juu ya tendo bado ni ukali, na kwamba heshima ndiyo hasa inayomshinda mgeni. Ni kweli kwa sehemu: mzazi na mwalimu ndio wasemao te wa ikenai, na kumwambia hivyo aliyekuzidi umri au cheo ni utovu wa adabu. Lakini hata hapo Kijapani hukimbilia kwenye kuomba, kama katika nomanaide kudasai, "tafadhali usinywe", au kumsihi mtu ajizuie mwenyewe, tabako wa go-enryo kudasai, kwa mvuta sigara. Jamii ya Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, ambayo wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliichunguza katika miaka ya 1930 wakaandika kwa kirefu kuhusu mkwe wa kike kumwepuka baba mkwe, haihitaji kufundishwa kwamba katazo hubadilika kulingana na anayeambiwa.

Kwenye mazoea jambo ni gumu zaidi. Hu- inalingana vizuri na umbo la kamusi pale inapotaja kanuni: taiyō wa higashi kara noboru, jua huchomoza mashariki. Lakini mazoea ya mtu katika kipindi fulani cha maisha yake mara nyingi huchukua -te iru. Maiasa sakana o utte iru ni "kila asubuhi anauza samaki", na umbo hilohilo, maiasa likiondolewa, laweza kumaanisha kuwa anauza sasa hivi. Kwa vitenzi vingine -te iru hutaja hali iliyobaki baada ya tendo, kama kekkon shite iru, "ameoa" au "ameolewa". Hu- haiwezi kumwongoza mwanafunzi hapa: haichukui nafsi, haichukui wakati, wala haina kikanushi chake. Utte iru huingia wakati uliopita kwa wepesi, utte ita, "alikuwa akiuza".

Kinyakyusa, lugha ya wenyeji hao, kinajua njia hiyo. Katika wakati uliopita kiishio -aga huonyesha tendo lisilofungwa, ama lilikuwa likiendelea ama lilirudiwarudiwa, na muktadha ndio unaoamua. Bastian Persohn amelieleza hilo katika kitabu chake cha 2017 kuhusu kitenzi cha lugha hiyo. Kiishio cha namna hiyo kimeingia hata katika Kiswahili cha bara, ambako watu husema anakujaga na alikuwaga. Walimu wa Kiswahili huyakataa maumbo hayo, na katika insha ya mtihani wana haki. Ila kukataa umbo katika Kiswahili sanifu hakufuti ujuzi ulio ndani yake, na ujuzi huo, kwamba "anaendelea" na "ana desturi" ni ndugu wanaoishi mwishoni mwa kitenzi, ndio hasa -te iru inaoudai.

Maumbo haya mawili hukutana pale mtu anapojikataza mwenyewe. Sake wa nomanai koto ni shite iru hutamkwa na mtu aliyejiwekea kutokunywa pombe: nomanai ni "kutokunywa", koto ni suru ni kuamua, na shite iru huonyesha kuwa uamuzi huo unaishi hadi leo. Akisema nomanai yō ni shite iru, anajitahidi asinywe, na huenda siku nyingine akashindwa.