Kutimiza makataa ya ripoti za afya (Migori na Homa Bay)

Katika mfumo wa taarifa za afya wa Kenya, utimizaji wa makataa hupimwa kwa asilimia ya ripoti za mwezi zilizofika kwa wakati kati ya zile zilizotarajiwa. Hesabu hufanywa na DHIS2, programu yenye asili yake Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, iliyoanza kutumika Kenya nzima mwaka 2011. Migori na Homa Bay zina kaunti ndogo 8 kila moja. Kwa kawaida zahanati hupeleka fomu kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na data huingizwa kufikia tarehe 15.

Utata uko katika kuamua ripoti "imefika" lini. Programu haitazami kama tarakimu zimejazwa. Hutazama siku ambayo afisa alibofya kitufe cha kuthibitisha kuwa ripoti imekamilika. Akisahau, kituo huonekana hakijaripoti kabisa. Ripoti iliyojaa makosa, kwa upande mwingine, hupata alama kamili ya muda, kwa hiyo kipimo hiki hakifai kusomwa peke yake.

Zahanati ya kisiwani Mfangano (Homa Bay) na ya mjini Rongo (Migori) zina makataa yaleyale, jambo lisilo la haki sana. Na wakati wa mgomo wa kitaifa wa wauguzi, Juni hadi Novemba 2017, kituo kilichofungwa kiliweza kubaki kwenye orodha ya wanaotarajiwa, asilimia ikashuka bila afisa wa data kuzembea.