Okapi na Jambia: Kisu cha Mfukoni katika Pwani ya Mikindani

Kisu ni chombo kidogo, na pengine kwa sababu ya udogo wake waandishi wa tarehe hukipita bila kukitazama. Asomaye habari za Mikindani hukutana na mambo makubwa: Livingstone kushuka pwani mwaka 1866 na kuanza safari yake ya mwisho, Wajerumani kuutwaa mji mwaka 1890 baada ya watu wa pwani kuwapinga, Boma kujengwa mwaka 1895, kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, bandari mpya ya Mtwara kuinuka jirani yake kwa ajili ya mpango wa karanga, na Mikindani kubaki kimya ukingoni mwa ghuba yake. Lakini katika miaka hiyo yote hapakuwa na mtu aliyeamka asubuhi akaimaliza siku bila kukata kitu. Kwa hiyo si upuuzi kuuliza swali ambalo kwanza laonekana kuwa la dukani: je, kisu cha kukunja, hasa kile kiitwacho Okapi, chafaa kuchukuliwa na mtu kila siku? Mimi naliona kuwa ni swali la historia. Kwani chombo hakipimwi kwa chuma chake tu, bali hupimwa pia kwa desturi ya watu ambao mwenye chombo hicho atapita kati yao.

Na tuanze na zama za kabla ya kisu hicho. Pwani ilipokuwa chini ya Sultani wa Unguja, bwana wa mjini aliyevaa kanzu na joho alifunga mshipi kiunoni, na katika mshipi huo alichomeka jambia. Jambia lile halikuwa la kukatia chungwa. Lilikuwa ni tamko: aliyelivaa alijulisha cheo chake, ukoo wake na heshima yake, na kila aliyekutana naye aliliona kabla hajasikia salamu. Makali yalikuwapo, lakini yalikuwa ndani ya ala, na ala ilikuwa mbele ya macho ya watu.

Wanyonge nao walikuwa na makali yao. Livingstone alipotoka pwani kuelekea Ruvuma, njia ilizibwa na vichaka vizito, na ngamia wake hawakuweza kupenya. Ikambidi awaajiri Wamakonde wamfyekee njia, nao waliifanya kazi hiyo kwa ustadi kwa mashoka madogo na visu vya kukatia vichaka. Hata leo Mmakonde achongaye mpingo ana tezo yake na patasi yake, na mkulima aendaye shambani hubeba panga mkononi au begani. Vyombo hivi havikuwa vya fahari kama jambia, lakini vilishirikiana nalo jambo moja: vilionekana. Aliyekutana na mwenye panga njiani alijua kwamba amekutana na mwenye panga, na mara nyingi alijua pia kazi anayoiendea.

Kisu cha Okapi kilizaliwa mbali na ghuba hii. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa makusudi ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, na koloni lililokuwa na watu wengi kuliko yote hayo lilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Mikindani ilikuwa mojawapo ya bandari zake. Hata jina lake lina mafunzo. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtangaza mwaka 1901 tu. Basi jina lilikuwa bado jipya magazetini kisu kilipobatizwa nalo. Mvuvi wa Mikindani hakuwa na habari za mnyama yule. Jina lilichaguliwa na jicho la muuzaji, ambalo liliona Afrika yote kuwa msitu mmoja.

Hata hivyo tusikidharau, maana kimeundwa kwa akili. Mpini wake ni wa mti, umepambwa kwa nyota na mwezi. Mgongoni pana springi ya chuma yenye pete. Kisu kifunguliwapo, meno yaliyo shinani mwa bapa hupita chini ya springi moja baada ya jingine, yakitoa mlio wa kukwaruza. Na bapa likisha nyoka hukaa imara, halirudi vidoleni mpaka pete ivutwe. Bei yake ni ya mtu wa kawaida. Ujerumani iliacha kukitengeneza, lakini hakikufa: tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika ya Kusini.

Sasa na tukipeleke kazini. Baharini nakiona kuwa ni dhaifu. Bapa lake ni la chuma chenye kaboni, ambacho hunoleka upesi juu ya kinoo na kushika makali mazuri, lakini hushika kutu vilevile. Maji ya chumvi huingia katika maungio, na magamba ya samaki na mchanga huyafuata. Tena mvuvi ambaye mkono wake mmoja umeshika mshipi uliokaza hana nafasi ya kukunjua kitu. Kwake kisu cha mpini mmoja, kisichokunjwa, kilichomo katika ala, ni bora zaidi. Katika kuchinja pia kina upungufu. Mafundisho ya Uislamu humtaka mchinjaji anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Kwa makali, Okapi aweza kuitimiza amri hiyo, lakini damu huingia penye maungio, na kulisafisha tundu lile ni taabu. Njiani na shambani, kinyume chake, kinafaa sana: kukata kamba ya gunia la korosho, kumenya chungwa, kugawa muwa, kuchonga kijiti. Ni chepesi, hakimchomi mwenyewe akiketi, wala hakihitaji mshipi.

Lakini uko mtihani wa nne, nao ni wa watu. Wazee husema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema kisu hicho kikae wapi nyama isipokuwapo. Okapi hukaa mfukoni. Jambia lilitangaza, panga lilijieleza, lakini kisu hiki hunyamaza mpaka kikunjuliwe, na kikikunjuliwa sauti yake ya kwanza ni ule mkwaruzo wa meno. Katika Jamaika, ambako kilifika na kupendwa, na katika miji ya Afrika ya Kusini, kisu hiki cha kazi kilipata pia sifa mbaya ya kuwa silaha ya wagomvi. Uingereza nako, sheria ya mwaka 1988 iliruhusu mtu kuchukua hadharani bila sababu kisu cha kukunja kisichozidi inchi 3. Lakini mahakama zikaamua kwamba kisu kijifungacho kisirudi hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Yaani uimara uleule umlindao mwenye kisu vidole vyake ndio umtiao jirani yake hofu.

Atasema mtu kwamba kosa ni la mkono, wala si la chuma. Ni kweli, lakini mkono hauonekani nia yake, na kwa hiyo watu huhukumu kwa kile waonacho. Jambia liliruhusiwa barazani kwa kuwa kila mtu alijua maana yake. Kisu kifichwacho hakina maana iliyokwisha kukubaliwa. Kila akitoapo, mwenyewe hana budi kuieleza upya.

Hukumu yangu basi ni hii. Okapi yafaa kwa mtu wa shamba na wa safari, ambaye kazi yake yajulikana na ambaye hukitoa mbele ya watu pamoja na kile anachokwenda kukikata. Haifai kwa mtu wa dau, kwa sababu ya chumvi. Wala haifai kuingia nayo ngomani, sokoni penye msongamano au penye ugomvi, kwa sababu ya wanadamu. Na anayekichukua kila siku pasipo kazi yoyote ya kukikatia, na ajiulize kwanza anakichukulia nini. Watu wa Mikindani wa zamani wangalimwuliza swali hilo waziwazi, kwani wao makali yao waliyafunga kiunoni, na kila mpita njia aliyaona.