Daraja la Tshopo: mgeni hupiga picha, Boyoma hukumbuka wafu wake

Wageni wanaofika Kisangani huuliza mambo mawili kabla ya yote: Wagenia wanavua wapi, na daraja la Tshopo liko wapi. Wakifika Wagenia wanaona miti mirefu iliyosimamishwa juu ya maji yanayochemka, imefungwa kwa kamba za msituni, na watu wanatembea juu yake kama wako barabarani. Wakifika Tshopo wanaona maporomoko, bwawa la umeme na maji meupe yanayopita chini ya barabara. Wanapiga picha, wanapanda tena toleka au pikipiki, wanarudi mjini kula samaki.

Hakuna ubaya katika picha. Lakini daraja lile si mandhari tu. Ni mahali ambapo mji huu ulipigwa mara mbili katika miaka miwili, na hesabu ya mara ya pili haijafungwa mpaka leo. Ndiyo maana leo naandika historia yake kwa kifupi, kwa ajili ya mgeni, na pia kwa ajili ya vijana wetu waliozaliwa baadaye.

Mji wa mito, mji wa madaraja machache

Kisangani ina komine 6. Komine 5, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, ziko ukingo wa kulia wa mto Kongo. Ya sita, Lubunga, iko ukingo wa kushoto, peke yake. Kati ya Lubunga na zile nyingine hakuna daraja. Mwanafunzi, mgonjwa, mama wa soko na jeneza, wote huvuka kwa mtumbwi au kwa boti. Mwaka 2023, mapigano ya Wambole na Walengola yalipowafukuza watu wa Lubunga kutoka nyumba zao, wengi walikimbilia ng'ambo hii kwa njia hiyo hiyo ya maji.

Si Kisangani peke yake. Ukishuka na mto huu kutoka hapa, ukapita Bumba, Mbandaka na Kinshasa, hutakutana na daraja hata moja mpaka Matadi, karibu na bahari. Lile la Matadi lilijengwa na Wajapani na kufunguliwa mwaka 1983. Limening'inia kwa nyaya, lina urefu wa mita 722, na lilipangwa kubeba treni pia, ingawa reli yake haikuwekwa. Msafiri anayependa madaraja makubwa aende Matadi, hatajuta.

Hapa kwetu wakoloni hawakujaribu kuushinda mto mkubwa kwa daraja. Waliuzunguka. Kwa sababu maporomoko ya Boyoma yanazuia meli kupanda, walijenga reli ya kilomita 125 ukingo wa kushoto, kutoka ng'ambo ya mji hadi Ubundu, iliyoitwa wakati ule Ponthierville. Ilifunguliwa mwaka 1906. Madaraja yalijengwa juu ya mito midogo inayomwaga maji yake katika mto mkubwa. Tshopo ni mmoja wao: unapita kaskazini ya mji, unaingia katika mto Lindi, na Lindi unaingia katika Kongo.

Kwa hiyo anayetoka mjini kwenda Banalia na Buta lazima avuke Tshopo. Makala, mihogo na ndizi zinazokuja kwa baiskeli kutoka upande ule hupita hapo. Na pembeni ya daraja kuna kituo cha umeme kilichojengwa miaka ya 1950, ambacho ndicho kinaupa mji mwanga, na pampu za maji zinategemea umeme huo. Barabara, umeme na maji, vyote vimekaa mahali pamoja. Mwanajeshi yeyote akitazama ramani ya Kisangani, kidole chake kinakwenda pale kwanza.

Juni 2000: siku sita

Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilileta Kisangani majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda. Yalikuja kama marafiki, yote yakiunga mkono waasi wa RCD. Waasi walipogawanyika, marafiki nao waligawanyika. Walipigana ndani ya mji wetu Agosti 1999. Walipigana tena Mei 2000. Watu walifikiri wameshaona yote.

Asubuhi ya tarehe 5 Juni 2000 mabomu yalianza tena, na hayakunyamaza mpaka tarehe 10. Waganda walikuwa na nguvu upande wa kaskazini ya mto Tshopo, Wanyarwanda walikuwa mjini. Kati yao kulikuwa na daraja, na kati yao kulikuwa na sisi. Komine ya Tshopo, iliyo upande wa mji wa mto huo, iliumia vibaya. Kanisa kuu la Notre-Dame lilipigwa. Shule, hospitali na nyumba za watu zilipigwa. Umeme ulikatika na maji ya bomba yakakatika nao, watu wakawa wanachota maji mtoni chini ya risasi.

Umoja wa Mataifa ulisema mabomu zaidi ya 6,600 yalianguka. Kuhusu raia waliokufa, hesabu yake ya juu ni 760, na majeruhi walikuwa zaidi ya 1,000. Wengi walizikwa pale walipoanguka, katika viwanja vya nyumba na pembeni ya barabara, kwa sababu hakuna aliyeweza kubeba maiti hadi makaburini. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tulijifunza kulala chini ya kitanda kabla ya kujifunza kugawanya hesabu.

Jambo moja msomaji alishike vizuri: hakuna jeshi la Kongo lililopigana katika siku zile sita. Nchi mbili jirani zilipigania mji wa nchi ya tatu. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likasema Uganda na Rwanda zote mbili zinapaswa kulipa fidia kwa watu na mali walioharibu Kisangani. Zote mbili. Tutalirudia neno hilo chini.

Mei 2002: usiku wa darajani

Baada ya siku sita mji ulibaki mikononi mwa RCD-Goma, iliyosaidiwa na Rwanda. Alfajiri ya tarehe 14 Mei 2002 kikundi cha askari na polisi kiliasi. Waliteka kituo cha redio, wakatangaza kwamba wanainchi watoke kuwafukuza Wanyarwanda. Watu waliosadikiwa kuwa Wanyarwanda waliuawa na umati siku ile, na hilo nalo ni damu, tusilifiche. Sisi watu wa redio hatuna haki ya kusahau kwamba siku ile mikrofoni ilitumika kuita watu kwenye mauaji.

Uasi ulikufa kwa saa chache. Kilichofuata kilikuwa kisasi. Ndege zilileta viongozi na askari wengine kutoka Goma. Katika komine ya Mangobo waliingia nyumba kwa nyumba, wakaua, wakabaka na kupora. Na askari na polisi walioshukiwa walikamatwa, wakapakiwa katika magari, wakapelekwa kwenye daraja la Tshopo, wengi wao usiku. Waliuawa pale. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, miili ilipasuliwa tumbo na kujazwa mawe ili izame, kisha ikatupwa kutoka juu ya daraja.

Mto haukukubali siri hiyo. Siku zilizofuata miili ilianza kuelea, na wavuvi na wakazi wa ukingoni waliiona. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka ule ilisema waliouawa Kisangani katika siku zile ni zaidi ya watu 160. Uchunguzi wa baadaye ulitaja hesabu kubwa zaidi.

Waliokufa kwa mabomu mwaka 2000, angalau wengi wao, wana mahali pa kuwekewa maua. Waliotupwa darajani mwaka 2002 hawana kaburi. Mke aliyemsubiri mume wake polisi, mtoto aliyemsubiri baba yake askari, akitaka kulia anakwenda wapi? Anakwenda darajani, mahali pale pale mgeni anapopiga picha ya maporomoko.

Nani amelipa, nani hajalipa

Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, CIJ, kule The Hague. Mwaka 2005 mahakama iliamua kwamba Uganda ina hatia, na vita vya Kisangani vimo katika hukumu ile. Tarehe 9 Februari 2022 ilipanga malipo: dola milioni 325, yaani milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa asili uliochukuliwa. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Uganda ilipewa miaka 5, milioni 65 kila mwaka, na ilianza kulipa mwaka huo huo wa 2022. Serikali yetu iliunda mfuko wa kugawa pesa hizo, FRIVAO, na makao yake yako hapa Kisangani.

Rwanda nayo ilishtakiwa. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi ile, kwa kuwa Rwanda haikukubali kuhukumiwa nayo. Haikusema Rwanda haina kosa. Ilisema tu kwamba mlango ule umefungwa. Hivyo neno "zote mbili" la azimio 1304 limebaki nusu: bomu lililotoka kaskazini ya daraja lina mlipaji, bomu lililotoka kusini halina. Mjane wa Juni 2000 hajui bomu lake lilitoka upande gani, na si haki kumdai ajue.

Na wafu wa Mei 2002 wako nje kabisa ya hesabu hiyo, kwa sababu hawakuuawa na Waganda. FRIVAO ni ya madhara ya Uganda. Kwa familia zile, mlango uliopo ni mwingine: FONAREV, mfuko wa taifa ulioundwa kwa sheria ya Desemba 2022 kwa wahanga wa ubakaji wa vita na wa uhalifu mwingine mkubwa. Watu wengi mjini huichanganya mifuko hii miwili. Wanapanga foleni mahali pasipowahusu, wanarudi nyumbani wakidhani wamekataliwa.

Kwa familia hizo ushauri wangu ni mmoja. Andikeni. Jina kamili la aliyekufa, kazi yake, siku alipokamatwa, nani aliona, alikuwa amevaa nini. Mashahidi wanazeeka, wengine wameshatutoka. Mto hauwezi kutoa ushahidi mara ya pili.

Kwako mgeni

Usiogope kwenda. Nenda asubuhi, maji yakiwa na mwanga mzuri. Bwawa na kituo cha umeme ni mahali panapolindwa, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, utaepuka maneno na askari. Ukienda na mtu wa toleka mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, muulize alikuwa wapi mwezi Juni mwaka 2000, kisha mwache aongee. Na ukimkuta mama amesimama peke yake kwenye ukingo wa daraja anatazama maji, usimwombe asogee ili picha yako itoke vizuri. Subiri amalize.