Kesi ya wagonjwa watatu iliyolinda dawa za bei nafuu

Aprili 2001 kampuni 39 za dawa ziliondoa kesi ziliyokuwa zimeifungulia serikali ya Afrika Kusini mjini Pretoria. Kila tarehe 19 Aprili inapofika hutajwa Nelson Mandela, aliyetia saini sheria iliyozikera kampuni hizo, na Zackie Achmat wa kundi la wanaharakati la TAC, aliyekataa kumeza dawa za ukimwi, ARV, hadi maskini wenzake wazipate. Wanastahili sifa hizo. Lakini tarehe 20 tuna kumbukumbu yetu wenyewe hapa Kenya, nayo hupita kimya: hukumu aliyoitoa Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2012.

Chimbuko la ugomvi wote ni mkataba wa haki miliki wa TRIPS, ulioanza kutumika Januari 1995 pamoja na kuzaliwa kwa Shirika la Biashara Duniani, WTO. Nchi wanachama zilitakiwa kulinda kila uvumbuzi, dawa zikiwemo, kwa hataza ya miaka 20. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na uhuru wa kujiamulia. India, kwa mfano, kwa sheria yake ya mwaka 1970 ilikataa kutoa hataza kwa dawa yenyewe. Iliruhusu hataza ya njia ya kuitengeneza tu. Ndiyo maana viwanda vyake viliweza kutafuta njia nyingine na kuuza dawa ileile kwa bei ya chini.

Mwaka 1996 ilithibitika kuwa dawa tatu zikitumiwa pamoja humrudishia mgonjwa wa ukimwi nguvu zake. Bei ya dawa hizo ilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999, dawa zilikuwepo duniani huku Wakenya wakizikwa kila siku. Kisha Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India akasema angeliuzia shirika la madaktari la MSF mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka. Dunia ikajionea kuwa kilichofanya dawa kuwa ghali ni hataza.

Kenya haikukaa kusubiri. Juni 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, ambayo kifungu chake cha 58 kiliruhusu kuagiza dawa halali kutoka nchi inakouzwa rahisi, na cha 80 kikaipa serikali uwezo wa kutumia hataza bila ridhaa ya mwenyewe. Mwaka uliofuata, ndani ya mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, yakapenyezwa maneno yaliyotaka mwenye hataza aombwe kibali kwanza. Wanaharakati waliyagundua, wakapiga kelele, na maneno hayo yakafutwa. Novemba 2001, kule Doha, WTO yenyewe ilikuwa imeshakubali kuwa TRIPS isizuie serikali kulinda afya ya watu wake.

Hatari ya pili ilikuja kwa sura ya wema. Wenye viwanda walikuwa wamechoka kuona betri, kalamu na sabuni zao zikiigwa, na mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nia haikuwa mbaya. Kasoro ilikuwa katika kifungu cha 2, kilichoeleza bidhaa ghushi kwa upana mno: kitu kilichotengenezwa bila idhini ya mwenye haki, iwe haki hiyo ipo Kenya au kwingineko. Kwa maelezo hayo, ARV safi ya India, iliyopimwa na kusajiliwa, ingeweza kukamatwa bandarini Mombasa, na aliyeiagiza kufungwa hadi miaka mitano. Huo haukuwa woga wa bure. Katika miezi hiyohiyo maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia shehena ya ARV iliyokuwa ikitoka India kwenda Nigeria, kwa madai ya haki miliki.

Mwaka 2009 watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya ukimwi walikwenda mahakamani kumshtaki Mwanasheria Mkuu. Hawakuomba fidia. Walisema kwamba dawa hizo zikizuiwa, watakufa. Aprili 2010 mahakama ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa sheria hiyo kwa upande wa dawa za bei nafuu. Serikali ilijitetea kwamba sheria iliwalenga walaghai, na kwamba kulikuwa na kifungu cha kuzilinda dawa halali.

Jaji Ngugi hakuridhika. Alisema sheria imechanganya dawa bandia na dawa halali isiyo na nembo ya mvumbuzi, na kwamba maisha ya wagonjwa hayawezi kuachiwa busara ya ofisa wa forodha. Haki miliki ni mali na inastahili ulinzi, alieleza, lakini inapohatarisha uhai wa watu ni lazima ipishe. Vifungu vya 2, 32 na 34 vikaonekana kutishia haki ya uhai, utu na afya. Hukumu hiyo ni fahari ya nchi hii, na kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki angepaswa kuisoma.

Ugomvi wa hataza haukuishia hapo: wakati wa Uviko-19 ulirudi WTO, safari hii kuhusu chanjo. Nayo Kenya imefikia kuwatengenezea wengine dawa hizo: mwaka 2025 Mfuko wa Global Fund ulinunua ARV zilizotengenezwa Kikuyu, katika kiwanda cha Universal Corporation, ili zipelekwe Msumbiji.

Wabunge wetu basi, mtakapoletewa tena mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali au mkataba wa biashara na taifa kubwa, usomeni kifungu kwa kifungu kabla ya kura kupigwa. Na walio na virusi vya ukimwi waitwe watoe maoni yao mapema, wasilazimike kwenda mahakamani tena.