Gurudumu la Tatu: Historia ya Kigari cha Pikipiki katika Njia Mbovu

Fundi wa ngalawa hahesabiwi kuwa amemaliza kazi kwa kuchonga mtumbwi peke yake. Kazi inayompima ni ile ya matengo, zile mbao mbili zikaazo kuume na kushoto ili chombo chembamba kisipinduke. Yakifungwa chini mno, matengo hukizuia chombo. Yakifungwa juu mno, hayana faida wimbi linapokuja. Basi, msomaji, fikiria ngalawa yenye tengo moja tu, na juu ya tengo hilo ameketi mtu. Hiyo ndiyo pikipiki yenye kigari cha pembeni.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu walivyojifunza, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, kukifunga kigari hicho kiende mahali pasipo na barabara njema. Tutaona kwamba habari yote hiyo ni habari ya kiungo, yaani mahali pale ambapo vitu viwili visivyolingana hukutana na kulazimishwa kwenda pamoja.

Asili ya kigari ni baiskeli. Mwaka 1893 gazeti moja la Ufaransa lilitoa zawadi kwa atakayebuni njia bora ya kumchukua abiria kwa baiskeli, na ofisa wa jeshi aitwaye Bertoux akaipata kwa kufunga ubavuni kiti chenye gurudumu lake. Mwaka 1903 hataza ya kigari cha pikipiki ilitolewa Uingereza kwa jina la Graham. Kabla ya hapo abiria wa pikipiki alivutwa nyuma katika tela dogo, akila vumbi na moshi, ama aliwekwa mbele kabisa, akawa wa kwanza kugonga chochote kilichogongwa. Ubavuni aliweza kuzungumza na dereva, na hatari yao ikawa moja.

Hata hivyo ubavu una gharama zake. Injini husukuma gurudumu la nyuma la pikipiki. Gurudumu la kigari hukokotwa tu. Kwa hiyo dereva akiongeza mwendo, kigari hutaka kubaki nyuma, na chombo kizima huvutwa kuelekea upande wa kigari. Akifunga breki, uzito wa kigari hutaka kuendelea mbele, na chombo huelekea upande wa pili. Akikata kona ya upande wa kigari ilhali kigari ni kitupu, gurudumu la tatu huinuka hewani. Katika lami mambo hayo ni usumbufu. Katika matope, mchanga na makorongo ni hatari.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa mtihani wa kwanza mkubwa. Mwishoni mwa 1914 jeshi la Uingereza liliunda kikosi cha bunduki za rashasha zilizobebwa na pikipiki zenye vigari, zikiwemo zile za kampuni ya Clyno. Vigari vingine vilichukua machela ya majeruhi. Katika barabara vyombo hivyo vilikwenda kasi. Lakini vita vilipozama katika mahandaki, na ardhi ikachimbuliwa kwa mizinga, gurudumu moja lenye nguvu halikutosha kuyaburuta mawili yasiyo na nguvu. Askari wengi wa kikosi hicho walihamishiwa katika vifaru, ambavyo wakati huo vilikuwa silaha mpya.

Mtihani wa pili ulifanyika bila ya vita, na ulipita katika nchi zetu. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye injini ya sentimita za ujazo 600 hivi, kigari ubavuni na tela nyuma, wakielekea Cape Town. Walivuka jangwa la Sahara mpaka Afrika ya Magharibi, wakapita Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Tanganyika, na tarehe 29 Julai 1935 wakafika. Safari ilichukua miezi saba na nusu.

Panther ilipendwa kwa kazi ya kukokota kwa sababu ya umbo lake: injini yenyewe ilikuwa sehemu ya fremu, ikikaa mahali pa bomba la mbele, hivyo mwili wa chombo ulikuwa mgumu kuvutwa upande. Lakini uimara wa mwili haukuondoa udhaifu wa zamani. Gurudumu moja la nyuma lilibebeshwa kazi ya kuvuta pikipiki, kigari, tela, watu wawili na maji yao, tena mchangani. Injini iliharibika vibaya kabla ya kufika Agadez, na wasafiri wakalazimika kuitengeneza upya kabla ya kuendelea. Kamba hukatikia pabovu. Kiungo kilipokuwa imara, mzigo ulikwenda kutafuta mahali pengine pa kuvunja.

Jibu la udhaifu huo lilikuwa kulipa nguvu gurudumu la tatu. Uingereza, kampuni ya Norton iliunda kwa ajili ya jeshi pikipiki ya sentimita za ujazo 633 ambayo dereva wake aliweza kuunganisha mhimili wa kigari na injini alipokwama, kisha akautenga alipofika pagumu pa kukanyagika. Ujerumani, tangu 1941, BMW ilitoa R75, na Zündapp ikatoa KS 750. Hizo zilikwenda mbali zaidi: kati ya gurudumu la nyuma na la kigari palikuwa na difu iliyogawa nguvu bila ya usawa, kwa kuwa mizigo ya magurudumu hayo haikuwa sawa, na iliweza kufungwa ili yote mawili yazunguke pamoja. Zilikuwa na gia za chini za njia mbovu, na gia ya kurudi nyuma. Katika vyombo hivyo kigari hakikuwa tena kitu kilichoongezwa. Kilichorwa pamoja na pikipiki tangu mwanzo. Gharama yake ilikuwa uzito, maana R75 ilikaribia kilo 420. Magari madogo ya magurudumu manne ndiyo yaliyokuja kuchukua nafasi yake.

Fundi wa leo huanza na pikipiki ya kawaida, lakini hurithi mafunzo hayo yote. Pikipiki imeundwa ilale inapokata kona. Fremu yake haikukusudiwa kuvutwa ubavuni. Kwa hiyo fundi hutengeneza kwanza fremu ndogo ya pili ya kuitia nguvu ile ya asili, kisha hukifunga kigari mahali pasipopungua panne, pawili chini na pawili juu. Gurudumu la kigari huliweka mbele kidogo ya mhimili wa gurudumu la nyuma, ili chombo kisipinduke kwa pembe ya mbele kinaposhuka korongoni. Halielekezi sambamba kabisa na pikipiki, bali huivuta sehemu yake ya mbele ndani kwa kadiri ya sentimita moja au mbili. Nayo pikipiki huiegemeza kidogo upande ulio mbali na kigari. Vipimo hivyo viwili hupunguza ule mvuto wa kwenda upande mmoja, na hupimwa mzigo ukiwa juu, kwa sababu springi zikibonyea kila kipimo hubadilika.

Kisha kuna usukani, ambao huwa mzito mno. Wengi huondoa uma wa kawaida na kutia uma wenye mikono mifupi inayolipeleka gurudumu la mbele mbele kidogo, hapo usukani huwa mwepesi. Gurudumu la meno la nyuma hubadilishwa kwa kubwa zaidi, ili chombo kipoteze mbio na kupata nguvu. Baada ya safari ya kwanza kila nati hukazwa upya.

Kwa wasomaji wa nchi zetu kuna jambo moja zaidi. Uganda, Kenya na Tanzania hushika kushoto, na desturi ni kukifunga kigari kushoto, mbali na magari yanayokuja. Rwanda, Burundi na Kongo hushika kulia, na kigari hufungwa kulia. Mtu hawezi kukihamisha hivi hivi. Kila kipimo hugeuka kama sura kiooni, na mkono uliozoea kuvutwa kushoto lazima ujifunze upya.

Je, kazi yote hiyo ina maana gani kwetu? Katika vijiji vingi mama mwenye uchungu wa kuzaa hupelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na jamaa wa kumshika, mtindo ambao vijana wameuita mshikaki. Nchini Malawi, katika wilaya ya Mangochi, pikipiki za wagonjwa zenye kigari cha kulaza mgonjwa ziliwekwa katika vituo vya afya vya vijijini, na matokeo yake yakachunguzwa kati ya 2001 na 2002. Ilionekana kuwa zilipunguza ucheleweshaji wa akina mama waliohitaji kupelekwa hospitali kwa saa 2 hadi 4.5, na kwamba bei ya kuinunua moja ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa. Kigari kilichobeba rashasha mwaka 1914 kilikuwa sasa kinabeba mzazi na mtoto asiyezaliwa bado.

Lakini chombo hicho hakisamehe uzembe. Kiungo kikichomelewa ovyo, au gurudumu likielekezwa kwa kukisia, aliyelala ubavuni ndiye wa kwanza kuumia, naye hana usukani mkononi. Walimu wenzangu wanaofundisha katika shule za ufundi wanaweza kuwapa vijana maneno kamili ya kazi hii: mhimili, uma, kiungo, sambamba, egemeo, kipimo. Fundi mwenye jina la kitu aweza kumwuliza mwenziwe kama kimekaa sawa, na swali hilo huulizwa kabla ya mama kulazwa katika kigari.