Uso wa Marilyn: Tabasamu la matangazo lililogeuka mamilioni

Agosti 1962, mwigizaji maarufu wa Marekani, Marilyn Monroe, alifariki dunia nyumbani kwake Los Angeles akiwa na umri wa miaka 36. Kabla mwaka huo haujakwisha, msanii Andy Warhol wa New York alikuwa amekwisha kuuchapa uso wake mara nyingi, na kazi hizo zikawa nembo ya sanaa ya pop duniani.

Wengi hudhani Warhol alimchora Marilyn. Sivyo. Alichukua picha iliyopigwa kutangaza filamu ya Niagara ya mwaka 1953, akaikata ukabaki uso na shingo. Katika filamu hiyo Marilyn aliigiza kama Rose Loomis, mke anayekula njama na hawara wake ili mumewe auawe. Tabasamu lile, basi, lilitengenezwa kuuza tiketi za sinema.

Mbinu aliyoitumia haina tofauti kubwa na ile ya wachapaji wa fulana za kampeni. Picha huhamishiwa kwenye kitambaa chembamba kilichowambwa katika fremu, sehemu zisizotakiwa zikazibwa, kisha wino husukumwa kwa mpira upenye kwingineko. Warhol alitanguliza rangi, yaani manjano ya nywele na wekundu wa midomo, ndipo akachapa uso juu yake. Wino ulipokosa kukaa sawa na rangi, aliuacha hivyo hivyo.

Katika kazi iitwayo Marilyn Diptych, iliyomo katika hazina ya Tate nchini Uingereza, uso huo umerudiwa mara 50. Nusu ya kushoto ina rangi kali. Ya kulia ni nyeusi na nyeupe, na nyuso zinafifia hadi karibu kutoweka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo Warhol alipougusa msiba wenyewe.

Mwaka 1963 alimgeukia Elvis Presley, akitumia picha ya filamu ya Flaming Star ya mwaka 1960. Elvis anaonekana na bastola mkononi, mandhari yote ikiwa ya rangi ya fedha. Mhusika aliyemwigiza, kijana wa baba Mzungu na mama wa kabila la Kiowa anayevutwa na pande mbili zinazopigana, hana nafasi katika mchoro huo. Imebaki bastola tu.

Mei 2022, mojawapo ya picha za Marilyn alizozitengeneza Warhol mwaka 1964 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 195, bei ambayo wakati huo haikuwa imewahi kufikiwa mnadani na kazi yoyote ya sanaa ya karne ya 20. Aliyekuwa na uso huo hakuulizwa.

Wapo waliomtazama kwa jicho jingine. Mwingereza Pauline Boty alimchora mwaka 1963 akiwa mwili mzima. Naye Richard Hamilton, katika kazi yake ya My Marilyn ya mwaka 1965, alitumia picha ambazo Marilyn mwenyewe alikuwa amezikagua na kuzichora alama za mkato zile alizozikataa. Hamilton aliziacha alama hizo zionekane, pamoja na moja ambayo Marilyn aliiandikia kwamba ni nzuri.